Bibi Hakusafiri

Dada yangu ni mtu wa kunyooka mpaka anaudhi. Nyumbani tunamwita Rula. Jina hilo nilimpa mimi, siku alipomwambia mchumba wangu, mbele ya wazazi wake waliokuja kuniposa, kwamba mimi kupika sijui na asije akasema hakuambiwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mchumba akanioa hivyohivyo, na mpaka leo chakula kikiungua hana pa kulalamikia. Mimi nikapewa jina la Redio. Sababu mtaiona wenyewe.

Rula anafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Ana meza ndogo, simu, na benchi mbele yake lisilokosa mtoto aliyeshika shavu. Mtoto akiuliza kama itauma, mtu mwingine yeyote angemjibu haiumi hata kidogo. Yeye anainama, anamtazama usoni, anamwambia itauma kidogo, mama atakuwepo wa kumshika mkono, kisha itaisha. Daktari alimgombeza sana mwanzoni, akasema anamfukuzia wagonjwa. Baadaye daktari huyohuyo akagundua kwamba watoto waliopita kwa Rula hufungua mdomo wenyewe na hawamng'ati. Akafyata ulimi. Vidole ni vyake, akaamua kuvitunza.

Sasa mtu huyu ana kinanda cha umeme chumbani kwake, kimekaa juu ya meza ya kupigia pasi, na nyimbo anatunga tangu tukiwa wasichana. Ana nyimbo za kufulia, nyimbo za kumsema jirani, na mmoja wa kunisema mimi ambao siwezi kuurudia mbele ya watu. Hakuna aliyezitilia maanani, mpaka jioni moja alipotuita, mimi na watu wa mtaani tunaopenda kuimba, akatuketisha kitandani maana viti havikutosha, akatupigia mchezo mzima wa jukwaani, nyimbo mwanzo hadi mwisho.

Mchezo wenyewe unahusu bibi mmoja, fundi miavuli. Watoto wa mtaa wanashinda kwake, wanamletea miavuli iliyovunjika mbavu, wanamchanganyia vifaa, anawafukuza, wanarudi. Kisha bibi anaugua. Kisha anakufa. Watoto wanamfunika shuka, wanamwimbia, na mvua inaponyesha wanafungua miavuli yote aliyowatengenezea, wanatoka nje. Basi. Ukiusimulia hivi ni kitu kidogo. Lakini tulipousikia siku ile, fundi magari wa mtaani kwetu, mwanamume wa kitambi na mikono ya grisi, alilia akajifutia shati langu.

Fundi magari huyo akapewa kuwa mtoto wa miaka saba. Msusi wa mtaani akawa dada yake. Tulitumia watu wazima kwa sababu kamati ya ukumbi hairuhusu mtoto akanyage mazoezini kabla mchezo haujapitishwa, kwa hiyo ungemwona fundi magari kavaa kaptula, magoti kama viazi, anarukaruka. Mimi nikapewa kuwa bibi. Nilivimba kichwa siku nzima, mpaka Rula aliponieleza sababu. Bibi haimbi. Bibi anagomba, anakohoa, anakufa. Na akishakufa analala kimya wimbo mzima bila kupepesa jicho. Mimi, Redio, kuwa maiti! Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje kutafuta hewa.

Ukumbi ni ule wa mtaa, wa paa la bati na viti vya plastiki. Jumamosi alasiri ni ya maonyesho ambayo watoto wanaruhusiwa kuingia. Siku nyingine zote zimeshikwa na harusi, mikutano, na akina mama wa mazoezi ya viungo. Hivyo mchezo usiofaa watoto hauna siku, na usio na siku haupo. Tulilijua hilo tangu mwanzo. Kila kitu kilikuwa mikononi mwa kamati.

Kwenye kamati hiyo wenye neno ni wawili. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole, mtaratibu, asiyependa mtu aumie. Mwenzake ni mama mwenye duka la dawa, tunamwita Mama Dawa. Walikuja kuutazama mchezo wakiwa peke yao, wakakaa katikati ya viti vitupu. Nikafa kama kawaida. Nikiwa nimefumba macho nikasikia mtu anapenga kamasi, nikajua ni Mama Dawa. Kumbe ni wote wawili. Wimbo ulipoisha Mwenyekiti alikuwa amevua miwani, na Mama Dawa amemaliza pakiti ya tishu aliyokuja nayo kutoka dukani.

Moyoni nikasema tumepita. Mwenyekiti akasafisha koo, akatusifu, akasema hajaona kitu kama kile jukwaani pale. Kisha akasema hakifai kwa watoto. Kama sisi watu wazima kimetuvunja hivi, mtoto kitamfanya nini? Hebu fikirini hilo jambo. Waliolia ni wao, adhabu wapewe watoto.

Hata hivyo hakutaka kutuacha hivihivi, akatupa njia. Bibi asife. Bibi asafiri. Badala ya shuka apewe sanduku, awapungie watoto mkono, aende zake. Wimbo ubaki uleule, ila penye "amekufa" tuimbe "amesafiri". Mama Dawa akaongeza kwamba hata "amelala" lingefaa. Hapo nikasahau kwamba mimi ni marehemu, nikaketi. Nikamuuliza, ukishamwambia mtoto bibi amelala, halafu akaona wanamchukua wanaenda kumfukia, nani atakubali kulala tena kwenye nyumba hiyo? Rula akanitolea macho. Nikalala tena.

Nilingoja Rula abishe. Hakubisha. Alifunga kinanda chake, akasema tutajaribu. Nilimtazama nikaogopa, maana Rula wa kusema tutajaribu mimi simjui.

Hapa lazima nirudi nyuma, la sivyo hamtaelewa kwa nini neno hilo la kusafiri si neno dogo kwetu. Mama yetu alikufa mimi sijaanza shule, Rula akiwa darasa la pili. Watu walijaa nyumbani. Sisi tukapelekwa kwa jirani, tukafungiwa chumbani na biskuti, na tuliporudi Baba akatuambia mama yenu amesafiri. Majirani nao wakaitikia: amesafiri, atarudi. Mimi nilikula biskuti nikaendelea kucheza. Rula aliamini. Kila mwisho wa wiki alivitoa viatu vya Mama vya kutokea, akavipiga rangi, ili Mama akirudi avikute safi. Baba alimwona akivisugua, akapita. Ukweli aliupata shuleni, kwenye ugomvi wa foleni ya maji, pale msichana mmoja alipomwambia mama yako alishakufa zamani, mtaa mzima unajua. Wakati huo Rula yuko darasa la tano. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilikuwa ndefu, na aliyetembezwa ni mtoto.

Baba bado yupo, Mungu ampe umri. Alikuwa fundi saa, sasa macho yamechoka, anaishi kwangu. Rula anakuja kila Jumapili, anamkata kucha, wanaongea habari za mvua, za majirani, za mguu wake unaouma. Lakini hilo moja, ng'o. Nimejaribu kulianzisha mara nyingi, na kila mara mmoja anakumbuka ana kazi jikoni na mwingine anakumbuka ana kazi uani.

Basi tukafanya mazoezi ya sanduku. Msusi alileta la kwake, jekundu, la magurudumu. Nikalikokota jukwaani, magurudumu yakilia kwi kwi kwi, nikageuka, nikawapungia mkono. Fundi magari akaanza kuimba kwamba Bibi amesafiri, na sauti yake, jamani, ni tamu kuliko sura yake. Ghafla kinanda kikanyamaza. Tukadhani umeme umekatika. Kugeuka, tukaona mikono ya Rula iko hewani, haishuki.

"Siwezi," akasema. "Huu ndio wimbo nilioimbiwa mimi. Nilisubiri mlangoni mpaka nikawa mkubwa. Sitamwimbia mtoto wa mtu."

Fundi magari akavuta kaptula yake juu, akatazama chini. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nililipiga sanduku la watu teke, hasira na Mwenyekiti, na Baba, na vile viatu, na mimi niliyekula biskuti. Kisha nikamwambia Rula avae viatu, twende kwa Mwenyekiti sasa hivi. Akasema kesho, leo angemtukana.

Kesho yake tukaenda pamoja, maana Rula hafai kuachwa peke yake na mtu wa heshima. Mwenyekiti alitukaribisha sebuleni kwake, akatupa viti vizuri. Rula hakuegemea. Alimwambia kwamba kamati imeamua mtoto ataumia, lakini siku ile ukumbini hapakuwa na mtoto hata mmoja. Walete watoto. Kila mtoto na mtu wake, mlango wazi, anayetaka kutoka atoke. Wauone mchezo wenyewe, bibi akifa, bila sanduku.

"Na mmoja tu akitoka pale ameumia," akasema, "mchezo nauondoa mwenyewe, na ukumbi siombi tena."

Kazi ya miaka yote anaiweka mikononi mwa mtoto asiyemjua! Mwenyekiti akasema mtoto akishatishika huwezi kumrudisha nyuma. Rula akamjibu taratibu, "Nalijua hilo, Mwalimu. Nimetoka huko." Mzee yule akamtazama kwa namna nyingine. Mwisho akakubali, kwa sharti moja: atamleta mjukuu wake anayeishi naye. Kama kuna wa kuumia, akasema, aanze wa nyumbani kwangu. Nilianza kumpenda hapo.

Siku ilipofika ukumbi ulikuwa na kelele za soko. Watoto walikuwa kila mahali, juu ya viti, chini ya viti. Wazazi wamekaa wima kama wanaosubiri majibu ya hospitali. Mchezo ukaanza, nikagomba, nikakohoa, wakacheka. Fundi magari alipotokea na kaptula yake tulilazimika kusimama mpaka wamalize kucheka. Halafu nikaugua, na kelele zikapungua zenyewe.

Nikafa. Wakanifunika. Wimbo ukaanza. Nikasikia mtoto anauliza, amekufa kweli? Mtu mzima akamnyamazisha. Mtoto mwingine akajibu, ndiyo, si unasikia wanavyoimba. Kisha kimya, na ndani ya kimya hicho nikasikia kitu ambacho hatukukipanga: hatua ndogo juu ya mbao za jukwaa, zinakuja kwangu. Kinanda kikayumba kidogo, kikaendelea. Nilitamani kufungua jicho moja, nikakaza.

Shuka letu lilikuwa fupi. Likivutwa kifuani, miguu inabaki nje. Tulifanya mazoezi mwaka mzima na hakuna aliyejali, na kamati ilipokuja macho yao yalijaa machozi, wataona wapi miguu. Mikono midogo ikanigusa vidole, ikaanza kuvifunika na kitu cha joto. Lilikuwa sweta. Mjukuu wa Mwenyekiti alikuwa amelivua lake, analiweka sawa, huku na huku, bila haraka.

"Mmemwacha miguu nje," akawaambia waimbaji, ukumbi mzima ukasikia.

Fundi magari akapoteza wimbo. Nao msusi akapoteza wimbo. Ukawa umeachwa kinandani peke yake, na hapo watoto waliokaa wakaudaka, maana kiitikio chake ni chepesi na walikuwa wameshakishika: Bibi amekufa, miavuli tunayo, Bibi amekufa, mvua na ije. Waliimba kwa nguvu, kama wanaimba habari ya kweli, na kweli ilikuwa. Wazazi ndio walioharibika. Nilipofungua jicho kidogo, liwalo na liwe, nilimwona mtoto anamfuta mama yake pua kwa mkono wa gauni. Mwenyekiti miwani yake iko mapajani. Mjukuu wake akashuka jukwaani, akamwendea, akampigapiga goti.

"Babu, usilie. Tumeshamfunika."

Baada ya hapo watoto walikuwa na maswali, na Rula akayajibu yote amekaa ukingoni mwa jukwaa, kama yuko kliniki. Sasa miavuli itatengenezwa na nani? Bibi alikuwa na watoto wake? Anasikia baridi? Hapana, akasema, aliyekufa hasikii baridi, lakini kumfunika ni vizuri. Mmoja akasema kikohozi changu ni cha uongo, nikakohoe vizuri. Nikameza. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameogopa, na alichoogopa si kifo, ni ngurumo, maana mtu wetu nyuma ya pazia alilipiga bati kama ana ugomvi nalo. Ngurumo ikapunguzwa hapohapo.

Mwenyekiti akasimama. Macho mekundu, hata hakuyaficha. "Hawa hawana neno," akasema. "Wa kuangaliwa ni sisi. Mchezo umepita. Na mtu mzima asiingie humu bila mtoto wa kumshika mkono."

Tulicheka, tukidhani ni utani. Hakuwa anatania. Mama Dawa aliandika tangazo kwa herufi kubwa, akalibandika mlangoni: MTU MZIMA HARUHUSIWI KUINGIA BILA MTOTO. Rula alilisoma, akalisoma tena, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilizunguka ukumbi nikipiga kelele na shuka mabegani, marehemu mwenye furaha kuliko wote duniani. Tulikuwa tumeshinda, na tumeshinda na bibi wetu amekufa vizuri, bila sanduku.

Habari ikaenea. Wiki ile watu walikuwa wanaazimana watoto kama wanavyoazimana pasi. Mtoto wa jirani yangu alitafutwa na watu watatu, akachagua aliyemwahidi soda. Siku ya kwanza yenyewe viti vilijaa, watu wakasimama ukutani, na kila mmoja ana kiganja kidogo mkononi mwake.

Asubuhi ya siku hiyo Baba aliomba shati lililopigwa pasi. Sikumuuliza la nini. Alasiri wanangu walikuwa wametangulia ukumbini na baba yao, nami nimeshavaa gauni la bibi, nachungulia kwenye pazia. Nikamwona mlangoni, kofia mkononi. Mama Dawa, ambaye sheria ikishakuwa yake ni sheria, alimuuliza kwa adabu, mzee, umekuja na mtoto gani? Baba akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaanza kugeuka.

Rula akainuka kwenye kinanda. Watu wanasubiri, mchezo umeshachelewa, yeye anatembea ukumbi mzima mpaka mlangoni. Akamshika Baba mkono. "Yuko na mimi," akasema. Mama Dawa akalitazama tangazo lake, akamtazama Rula na mvi zake, akawapisha. Rula akaja naye polepole, kwa sababu ya ule mguu, akamkalisha kiti cha mbele kabisa, ubavuni mwa kinanda.

Nikagomba, nikakohoa kikohozi cha kweli, nikafa. Wimbo ukaanza. Kutoka kitandani kwangu mpaka kwenye kinanda si mbali, na chini ya sauti za waimbaji nikasikia sauti ya Baba.

"Mwanangu."

Kinanda kiliendelea.

"Mwanangu, mama yako amekufa." Alisema kama mtu aliyeingia sasa hivi na habari, akakuta watoto wawili wanamtazama. "Nilipaswa kukwambia siku ile. Mwambie na mdogo wako."

"Amesikia, Baba," Rula akasema.

Nilisikia. Nilisikia kwa mwili mzima, machozi yakanishuka mpaka masikioni na sikuyazuia, sikutaka hata kuyazuia. Muziki ulibadilika kidogo, ukawa mwepesi upande mmoja. Nikafungua macho. Rula anapiga kwa mkono mmoja, na mwingine Baba ameushika kwa mikono yake yote miwili.

Mtoto wa mstari wa mbele akatangaza kwamba bibi analia. Watu wakacheka, wakalia, watoto wakaudaka wimbo kabla ya zamu yao. Nikaketi kitandani, maiti mzima mimi, nikaimba nao mpaka mwisho, na hakuna mtu aliyeniambia nilale.